Kumfundisha Mmarekani kutamka Kirusi: usimpe chati nzima ya IPA

Wengi wetu tuliosoma Urusi tunaishia kupata vibarua vya kufundisha Kirusi onlaini, na wateja wenyewe mara nyingi ni watu wa Kiingereza, Wamarekani, Waingereza, Wakanada. Mi Kirusi nilikipatia podfak, ule mwaka wa maandalizi kabla ya chuo, kama wengine, hii kazi naifanya pembeni, na kwa anayeanza nina neno moja la kumwambia kabla ya yote: achana na yale maandishi ya vitabu vya watalii, yale ya kuandika salamu ya Kirusi "zdrast-vooy-tyeh". Yanaonekana yanasaidia ila yanaharibu, manake mtu akiona herufi za kwao anazisoma kwa ulimi wa kwao, akiona "t" anapuliza hewa kama ya "tea", akiona "r" anaukunja ulimi nyuma, akiona "oh" anaivuta mpaka inakuwa ou. Ukija kumrekebisha baadaye unapambana na kitu ulichompa mwenyewe.

Ndo hapo alama za IPA zinapokuja, yaani alfabeti ya kimataifa ya kuandika sauti za lugha. Chama kilichozitunga kilianzishwa Paris mwaka 1886 na walimu wa lugha, Paul Passy akiwa mbele, yaani hazikutengenezwa kwa ajili ya maprofesa wajivune nazo, zilitengenezwa kwa darasa. Alama moja sauti moja, basi. Ila sasa usije ukamtupia mtu chati nzima siku ya kwanza, atakimbia. Kirusi kwa mtu wa Kiingereza kinahitaji alama chache sana, zile tu za sauti ambazo sikio lake linamdanganya.

Anza na kamstari ka mkazo, hiki [ˈ], kinakaa KABLA ya silabi yenye mkazo. Sijui kwa nini walimu wengi wanakiacha mwisho wakati ndo kinabeba kila kitu. Mwambie mteja ataje jina la Sharapova, yule wa tenisi, atasema sha-ra-PO-va (na sisi Waswahili tunasema hivyohivyo, kwetu mkazo daima unapenda silabi ya pili kutoka mwisho), halafu muoneshe [ʂɐˈrapəvə]. Mwambie "babushka", atakaza katikati, kumbe Warusi wanakaza mwanzo. Gorbachev anamkaza mwanzo, wenyewe wanamkaza mwisho. Hapo anaelewa kwamba majina aliyoyasikia kwenye tivii maisha yake yote yalikuwa na lafudhi ya kwao. Na mkazo unabadili maana, замок ukikaza mwanzo ni kasri, ukikaza mwisho ni kufuli, na magazeti ya Urusi hayaweki alama yoyote, utajua mwenyewe. Kuna писать pia, ukikaza mwisho ni kuandika, ukikaza mwanzo ni kukojoa, hiyo mpe mapema maana hawaisahau.

Ukishamaliza mkazo, irabu zisizo na mkazo zinakuja zenyewe. Hapa watu wa Kiingereza wametuzidi aisee. Sisi kila irabu tunaitamka mzimamzima, tunasoma молоко (maziwa) mo-lo-ko kama ilivyoandikwa, wao wameshazoea kuzila irabu, kwenye "banana" yao a ya mwanzo na ya mwisho zote ni [ə], irabu hafifu. Kwa hiyo muandikie [məlɐˈko], mwambie ile ya kwanza anayo tayari tangu utotoni, ya pili ni a fupi, ya tatu ndo o yenyewe. Wabelarusi wao wameamua kuandika wanavyotamka, малако, Warusi hawakutaka. Akiwahi kumsikia mzee wa kaskazini huko upande wa Vologda akitamka o zote mwambie hiyo ni lafudhi ya kule, asiige.

Sasa tuje kwenye [ʲ], hii ndo itakula muda wako wote na ninashauri usiibanie muda huo. Konsonanti laini. Mtu wa Kiingereza akisikia [nʲet] (hapana) sikio lake linamwambia kuna n halafu kuna y, mbili tofauti, ndo maana wanaandika "nyet" na wengine wanasema kabisa ni-yet. Sisi tuna ny ya nyama, tunakaribia sana pale bila jasho, ila usijisifu, jaribu [tʲ] mwisho wa neno uone. Ujanja ninaoutumia ni kumwambia aseme "iii" ndefu, abaki na ulimi ulivyo, umepanda kwenye kaakaa, halafu bila kuushusha atamke t au l au n hapohapo. Asiongeze y baadaye, ulaini uko ndani ya konsonanti yenyewe. Kisha mpe maneno yanayoishia na sauti hiyo, kwa sababu mwishoni hakuna irabu ya kujificha: брат [brat] ni kaka, брать [bratʲ] ni kuchukua. Угол [ˈuɡəl] ni kona, уголь [ˈuɡəlʲ] ni makaa. Akishaweza hizo mpeleke kwenye mtihani mkubwa, полёт [pɐˈlʲɵt] na польёт [pɐˈlʲjɵt], ya kwanza ni safari ya angani, ya pili ni "atamwagilia", na tofauti yake ni hiyo [j] ndogo tu. Tena mrekodi kwa voisi, umrushie asikilize mwenyewe, usimwambie amekosea, atasikia.

Angalizo hapohapo: [j] wanaisoma kama ya "jam". Waambie mapema kwamba ni y yao. Na [y] usiwagusie kabisa, kwenye IPA ni sauti ya Kifaransa, kwenye Kirusi у ni u, watachanganyikiwa bure. [x] kwa bahati nzuri inafanana na х ya Kirusi na ni sauti ileile, kh ya kheri.

Herufi Ы naieleza kwa kifupi: ni [ɨ], sema i, rudisha ulimi nyuma, midomo usiiviringe. Быть ni kuwa, бить ni kupiga, mazoezi ni hayo. Wasiibadilishe na i ya "bit" yao.

Щ nayo vitabu vingi vya zamani vinawafundisha "shch" kama "fresh cheese", matokeo yake Khrushchev anakuwa na vikwazo vinne katikati. Muandikie [xrʊˈɕːɵf], aone kwamba pale kati kuna sauti moja tu ndefu laini, na kwamba ile v ya mwisho inasikika f. Hapo unapata nafasi ya kumwambia kwamba konsonanti kama v, g na b zikiwa mwisho wa neno zinapoteza mtetemo wa kooni, zinakuwa f, k na p, друг ni [druk], хлеб ni [xlʲep], na habari hiyo imeisha.

Kuhusu r wengi watakusumbua, kwanza kamusi zao nyingi zinaandika r yao wenyewe kwa alama ya [r] wakati kwenye IPA hiyo ni ya kutetemesha ulimi. Yetu sisi huwa haina shida. Mteja akishindwa wiki zikapita, usimkwamishe hapo, kuna Warusi wenyewe hawaiwezi na wana kitenzi chake kabisa, картавить, na Lenin mwenyewe alikuwa hivyo akahutubia umati. Endelea na somo linalofuata.