Unga wa mizizi uwe wa kwanza, mbolea isubiri

Wengi wanaoanza kitalu hutaka kuweka vyote kwa mpigo: unga wa homoni kwenye kipandikizi, na mbolea ya chembe inayoyeyuka polepole kwenye mchanga. Kwa bogenvilia, mimi naweka unga peke yake.

Unga huo ni poda yenye IBA, homoni inayochochea mizizi. Hunata kwenye kidonda (pale tawi lilipokatwa) na kuachia dawa kidogokidogo kadiri unyevu unavyoufikia, tofauti na ile ya maji inayochovywa sekunde chache tu. Soma kopo: asilimia 0.1 ni ya machipukizi laini, 0.3 ya matawi yaliyoanza kukomaa, 0.8 ya yaliyokomaa kabisa.

Chagua tawi nene kama penseli (vaa glavu, miiba ya bogenvilia haina adabu), kata chini kidogo ya jicho, ondoa majani, chovya sentimita mbili. Kisha gonga kijiti kwa kidole, unga wa ziada udondoke. Dozi ikizidi, kitako huwa cheusi na macho hugoma kuchipua. Chovya kwenye unga uliomimina kisahanini, maana vijiti vibichi vikiingia ndani ya kopo vitaharibu kopo zima. Na toboa tundu kwanza, la sivyo mchanga utaufuta unga wote wakati unachomeka.

Sasa mbolea. Kijiti hakina mizizi, nani ataila? Chumvi yake itabaki mchangani kuunguza kidonda. Tena ile miezi ya kudumu iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea kwa kawaida imepimwa kwenye nyuzi joto 21 hivi. Dar es Salaam ya Februari mchana hupita 30, na joto ndilo linaloharakisha chembe hizo kuachia virutubisho. Ukinunua ya miezi sita, usiipigie hesabu ya sita.

Mchanga wa mtoni uliooshwa, pumba za mpunga zilizochomwa, kivuli na nailoni juu vinatosha. Majani mapya yasikudanganye. Bogenvilia huchipua kwa akiba iliyomo kwenye kijiti hata kama chini hakuna kitu. Wala usivute kupima, mizizi yake hukatika upesi. Chungulia matundu ya chini ya kiriba, yaani mfuko uliochomekea kijiti. Ukiona nyuzi nyeupe, hamishia kwenye udongo mzuri, ndipo utupie chembe chache pembeni. Ila kama una samadi iliyooza vizuri, hela ya mbolea nunulia mkasi mkali.