Mtungi unaota barafu na moto unafifia: gesi haijaisha, imepoa

Mkuu, umeuliza kwa nini mtungi wako wa kilo 6 unaota barafu ukipikia pilau ya shughuli, moto unafifia, na ukiutikisa unasikia bado kuna mzigo. Usikimbilie kununua regyuleta mpya.

Kilichomo humo ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka kwenye nyuzi −42, butani kwenye −0.5. Kwa joto la Dar zote zingekuwa mvuke. Kinachozizuia ni mgandamizo. Ukifungua koki mgandamizo unashuka kidogo, kimiminika kinachemka kufidia, na kuchemka kunakula joto: takriban kilojuli 370 kwa kila kilo. Joto hilo linatoka kwenye kimiminika chenyewe, kwenye chuma, na kwenye hewa ya nje.

Jiko dogo la nyumbani halisumbui. Kichomeo kikubwa kinachokula kilo moja kwa saa kinadai kama wati 100 za joto mfululizo, na ukuta wa mtungi mdogo hauwezi kuzivuta hewani. Joto linaingia zaidi pale chuma kinapogusana na kimiminika, ndiyo maana tatizo huzidi mtungi ukifika nusu. Kimiminika kinapoa, mgandamizo unaanguka, moto unalegea. Ile barafu ni unyevu wa hewa tu, na mstari wake wa juu unakuonyesha kimiminika kimefika wapi. Kipimo cha bure hicho.

Dawa ni mtungi mkubwa, wa kilo 38, au miwili iliyoungwa na fundi kwa maungio yanayofaa. Uweke penye hewa. Kuufunika blanketi ni kuuzibia joto linalotakiwa kuingia. Ukibanwa katikati ya kazi, umwagie ubavuni maji ya vuguvugu ambayo mkono unayavumilia. Yanayochemka hapana, na moto au makaa chini yake ni kujitafutia msiba. Usiulaze wala kuupindua: kimiminika kikiingia kwenye mpira, kila lita moja inafumuka kuwa lita 250 hivi za gesi, na mwali utakaotoka hauzimiki kwa kupulizwa.

Walioko kwenye baridi ya Njombe au Limuru wana shida ya ziada. Propani hutangulia kutoka, hivyo mwishoni mtungi unabaki na butani nyingi. Kwa nyuzi 10 butani tupu inasukuma kama nusu ya ba (kipimo cha mgandamizo) tu juu ya hewa ya nje: jiko la kawaida linatosheka, kichomeo cha presha hapana.

Geji ya presha nayo isikudanganye. Maadamu kimiminika kipo, inasoma zaidi joto la mtungi kuliko kiasi kilichobaki. Kujua kiasi, pima kwenye mizani kisha toa uzito wa mtungi mtupu, ambao umeandikwa kwenye mtungi wenyewe.