Sharti la nyumba za bei nafuu liwekwe kwenye mkataba wa ardhi

Ndugu yangu, umeuliza kama mwekezaji anayejenga fleti za kuuza huko Fumba, Zanzibar, anaweza kulazimishwa kutenga baadhi kwa wenye kipato kidogo. Inawezekana: Montgomery County, katika jimbo la Maryland, Marekani, ina sheria ya namna hiyo tangu miaka ya 1970, inayomruhusu mjenzi kuongeza idadi ya nyumba kiwanjani ili asipate hasara. Zanzibar ina nguvu zaidi, kwa kuwa ardhi ni mali ya umma na mwekezaji huipata kwa mkataba wa ukodishaji, hivyo sharti lingeandikwa humo kabla msingi haujachimbwa. Bei nafuu nayo ifungwe kwa miaka mingi (hapa ndipo wengi hughafilika), ama sivyo mnunuzi wa kwanza ataiuza nyumba kwa bei ya soko.