Fanya Mazoezi na Simu Kabla Mtoto Hajagoma

Kwenye vikundi vya wazazi ninavyoviongoza hapa Mbagala, somo lenyewe la kumwagiza mtoto halimshindi mtu. Agizo liwe moja, fupi, kwa sauti ya kawaida, ukiwa karibu na mtoto. Akitii, msifu kwa kile hasa alichofanya. Asipotii, timiza ulichosema. Mama anaitikia, anarudi nyumbani, jioni mtoto anagoma kuzima katuni, na kinachomtoka ni "Wewe! Nimesema mara ngapi?"

Ndiyo maana akili mnemba naipendekeza kwa kazi moja kuliko zote: mazoezi. Kati ya kikao na kikao kuna wiki nzima, na mimi siwezi kukaa sebuleni kwa kila mtu. Iandikie ChatGPT, programu ya simu inayokujibu ukiiandikia, au nyingine uliyonayo: "Jifanye mtoto wa miaka sita. Hutaki kuzima televisheni ukaoge. Nijibu kitoto, sentensi moja moja. Nikiuliza badala ya kuagiza, au nikitishia, nisimamishe uniambie." Kisha andika maneno yale yale ambayo ungeyasema nyumbani, bila kujipamba.

Wengi hukuta agizo lao ni swali: "Hivi baba, utaoga saa ngapi?" Na sifa zao zina mkia: "Leo umeoga bila kelele, sasa kwa nini siku zote unanisumbua?" Mkia huo unafuta sifa yote. Kuuona ukiwa umeandikwa kunasaidia kuliko mimi kuusema mbele ya kikundi, hasa kwa akina baba, ambao kuigiza mbele za watu hawataki kabisa.

Kuigiza huku hakukuletwa na simu. Mwanasaikolojia Alan Kazdin wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, amewafundisha wazazi hivyo kwa miaka mingi. Na kabla yake mwanasaikolojia mwenzake Gerald Patterson, kule Oregon, alionyesha jinsi mzazi na mtoto wanavyofundishana: mtoto anapiga kelele, mzazi anachoka, anakubali, kelele zinakoma. Mtoto amejua kelele zinalipa, mzazi naye amejua kukubali kunaleta utulivu. Kesho kelele zinaanzia pale zilipoishia.

Ieleze akili mnemba nyumba yako ilivyo, la sivyo itakushauri kwa nyumba ya wengine: mpeleke chumbani kwake atulie, mbandikie nyota ukutani kila akitii. Chumbani kwake wapi? Mko sita, chumba na sebule, na bibi akisikia kilio anaita "njoo mume wangu" na andazi mkononi. Mama mmoja aliyaandika hayo yote. Akashauriwa asishindane na bibi, bali amwombe yeye ndiye awe wa kumsifu mjukuu akishatulia. Wazo hilo mimi sikuwa nalo.

Ina tabia ya kukubaliana nawe, hapo uwe macho. Ukiandika "mwanangu mkorofi, ananifanyia makusudi", itakufuata huko huko. Andika kilichotokea kabla, alichofanya mtoto, na ulichofanya wewe baada yake. Wala usiiombe ikuambie kama mtoto ana ugonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari aliyemwona.

Tena haiishiwi mbinu. Ukianza kupuuza kilio cha kudai pipi dukani, siku za mwanzo kilio huweza kuzidi, mbele ya majirani wote. Hizo ndizo siku ambazo mzazi hukimbilia simu kutafuta njia nyingine, na itampa kumi. Achana nazo. Mtoto anayebadilishiwa utaratibu kila siku anajifunza kusubiri ubadilike.

Jina la mtoto, shule yake na picha visiingie humo. Na akibadilika ghafla, akijiumiza, au ukihisi kuna mtu anamfanyia ubaya, acha kuandikiana na simu: nenda hospitali, ona afisa ustawi wa jamii, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, Tanzania na Kenya pia.

Wanaosema haya ni malezi ya kizungu wajue kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unapendekeza mafunzo ya malezi hata kwa nchi za kipato kama chetu. Anza na agizo moja tu, lile linalowagombanisha kila jioni, na ufanye mazoezi kabla hajarudi kutoka shule.