Tarehe ya Mwezi Kwanza, Boti Baadaye

Msomaji mmoja wa Nairobi ametuandikia wiki hii akiwa na uchungu. Alikodi boti ya kuvulia samaki Mtwapa, kaskazini mwa Mombasa, kwa ajili yake, mkewe na watoto wawili, akalipa pesa zote mapema, akaambiwa wafike saa tatu asubuhi baada ya chai. Walipofika, maji yalikuwa yakikupwa, yaani yakitoka, mbio. Saa nne kasorobo boti ikakaa juu ya fungu la mchanga, wakapigwa na jua hadi saa tano na nusu, wakarudi na changu wawili wa ukubwa wa kiganja. Anauliza kama ametapeliwa.

Hakutapeliwa. Aliuliza swali moja tu, "boti bei gani?", akajibiwa hilo hilo. Siku ile ilikuwa tarehe 16 ya mwezi wa Kiislamu, wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kukupwa kupita kiasi, na hakuna aliyemtajia. Kila likizo ya Disemba na Aprili barua za namna hii huja, na inauma kusoma watu wakimlaumu nahodha au wakisema bahari ya Mombasa haina samaki. Wamo. Ila hawafuati saa ya chai ya mgeni.

Mtu wa Pwani huanza na mwezi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, kisha hukupwa hadi mwisho karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele takriban dakika 50. Ukifika tarehe 8 au 22 mambo yamegeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, saa kumi jioni yamekupwa. Bamvua hufika kilele siku moja au mbili baada ya mwandamo au mwezi mpevu, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kukupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, karibu na tarehe hizo 8 na 22, tofauti hiyo huwa kama mita 1 tu. Kwa kuwa mwandamo unaweza kutofautiana kwa siku, hakikisha kwenye jedwali la maji la simu, na uchague kituo cha Kilindini, Mombasa, si cha mji mwingine.

Jambo la pili, ambalo wageni wengi hawalijui: maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Ligawe bamvua mafungu 12. Saa ya kwanza huondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Nusu nzima ya maji huondoka katika saa mbili za katikati. Bamvua la mita 3 na nusu likikupwa, mita 1.75 hutoweka ndani ya saa mbili hizo. Mlangoni mwa Mtwapa au chini ya daraja la Nyali maji hukimbia kama mto, chubwi (kizito cha kuzamisha mshipi) la gramu 80 hupeperushwa kabla halijagusa chini, hata la gramu 200 huburutwa, na maji yenyewe ni tope. Mgeni anayeshika mshipi saa hiyo huvua majani.

Lakini mkondo ndio unaoleta samaki, kwa hiyo usiukimbie kabisa. Maji yanapokupwa hutoa kamba, dagaa waitwao simu, na mikizi wadogo kutoka mikokoni, na kolekole na mzia hukaa pembeni mwa mkondo, nyuma ya jiwe au nguzo, wakingoja kuletewa. Unachotaka ni mkondo wa wastani unaoanza asubuhi. Tarehe hizo ni 4 hadi 6, na 18 hadi 20. Maji hujaa kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili na nusu asubuhi. Unaondoka yakiwa yamejaa, unavua saa tatu za kwanza za kukupwa, unarudi kabla mafungu ya mchanga hayajaonekana. Ukiwa na watoto wadogo, chagua maji mafu, tarehe 8 au 9, 22 au 23. Samaki watakuwa wachache zaidi, lakini bahari imetulia na boti haitakwama.

Baada ya mwezi, upepo. Kusi kikikaza, Juni hadi Agosti, nje ya miamba si mahali pa familia, na hata ndani mawimbi mafupi huanza mapema. Ukija miezi hiyo, baki ndani ya hori (mkono wa bahari) la Tudor au la Mtwapa, na uwe umerudi kabla ya saa tano. Kaskazi huingia Disemba na huwa na nguvu zaidi Januari na Februari, ila asubuhi zake nyingi ni tulivu. Wakati mzuri kuliko yote ni tanga mbili, pepo zinapobadilishana, hasa Oktoba na Novemba: bahari kama sinia. Aprili na Mei ni masika, mito huleta udongo na maji ya ndani huwa mekundu. Ukishika tarehe nzuri ya mwezi ndani ya miezi mibaya, bado una nafasi. Ukishika mwezi mzuri wa likizo na tarehe mbaya, umeona yaliyompata msomaji wetu.

Mahali pa kuvua, tuseme kwa ufupi. Tudor ina mikoko na mkondo, na ni karibu na mji. Kilindini na Port Reitz kuna kolekole wakubwa, lakini ni njia ya meli na feri ya Likoni, na Mtongwe kuna kambi ya jeshi la majini: usikubali boti itie nanga kwenye mkondo wa meli, na usielekeze kamera kambini. Mtwapa ni pazuri kwa anayeanza. Upande wa kusini wa Mtwapa kuna Shimo la Tewa, na jina lenyewe linamtaja samaki. Kati ya Nyali na Shanzu kuna maji ya ndani ya miamba, na hapo ndipo watu huingia matatani: Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ina kilomita za mraba 10 ambazo hazivuliwi kwa namna yoyote. Eneo la akiba linaloizunguka huruhusu uvuvi wa kienyeji kwa masharti. Nahodha anayejua kazi atakuonyesha maboya ya mpaka bila kuulizwa. Anayesema "hapa tunapita tu" huku mishipi iko majini, mwambie akunje.

Sasa piga simu. Ongea na nahodha mwenyewe. Dalali wa ufuoni anaweza kuwa mtu mzuri, lakini hajui boti ina kina gani wala kama injini ilitengenezwa jana. Muulize nahodha: tarehe hii maji yanajaa saa ngapi? Akijibu papo hapo, uko na mtu. Akijibu "saa yoyote tu, karibu", shukuru na ukate simu. Hilo ndilo swali moja linalotosha kuliko kumi mengine.

Kisha bei, na hapa elewa inatoka wapi. Injini ya nguvu za farasi 40 ya stroki mbili ikiendeshwa kwa nguvu yote hula lita 15 hadi 18 za petroli kwa saa. Safari ya saa nne ndani ya Tudor huenda ikahitaji saa moja tu ya mwendo mkali, iliyobaki ni nanga na kuelea. Kurambaza nje ya miamba, yaani kuvuta chambo nyuma ya boti ikienda, injini haizimwi. Kwa hiyo ukitajiwa bei moja ya ndani na nje, uliza petroli ngapi imehesabiwa. Uliza pia kama chambo, barafu na leseni ya uvuvi wa burudani zimo, na saa zinahesabiwa kuanzia gatini au kuanzia mshipi wa kwanza. La mwisho, ambalo limevunja urafiki mwingi: samaki ni wa nani? Boti nyingi huhesabu samaki kuwa wa boti mpaka mkubaliane vingine. Mkubaliane siku hiyo hiyo ya simu.

Lipa amana ya theluthi moja ya bei, si zaidi, na usome jina linalotokea kwenye M-Pesa kabla ya kuthibitisha. Likiwa si jina ulilopewa, simama uulize. Iandikwe kwenye WhatsApp kwamba upepo ukichafuka nahodha atabadilisha siku au atarudisha amana. Nahodha waaminifu hukubali upesi, kwa sababu nao hawapendi kutoka na mtu anayewalazimisha kwa vile amekwishalipa.

Siku ya safari fika nusu saa mapema, na usipande mpaka umeona vitu vinne. Cheti cha ukaguzi cha KMA, mamlaka inayosimamia usalama wa vyombo vya majini, kiwe cha boti hiyo na kisiwe kimepitwa na muda. Kimeandikwa idadi ya abiria, ihesabu pamoja na mabaharia. Laifu jaketi moja kwa kila kichwa. Ya mtoto ijaribu hivi: mvalishe, funga kamba zote, ishike mabegani, mnyanyue. Ikipanda hadi masikioni ni kubwa, na majini itamvuka. Usikubali kuambiwa "tutaikaza tu".

Cha tatu ni injini. Ikiwashwa, tazama nyuma yake: lazima utoke uzi wa maji wenye nguvu. Watu wa boti husema injini inakojoa. Isipokojoa ndani ya nusu dakika, pampu haivuti maji. Huenda mchanga au plastiki imeziba, au mpira wa pampu umeisha. Injini hiyo itapata joto na kufa katikati ya mkondo. Cha nne ni kilichoko ndani ya sanduku: plagi za akiba, spana yake, pini ya panga (propela) la injini, nanga yenye kamba isiyo fupi, makasia mawili, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Nahodha akikasirika kwa kukaguliwa, ni afadhali umpoteze gatini.

Zana za kuvulia boti huwa nazo, lakini zikague. Kwa kolekole na changu, ndoana ya 2/0 hadi 4/0 inatosha. Watu huleta kubwa mno wakidhani zitaleta samaki wakubwa, kumbe changu huchuna chambo pembeni na kwenda zake. Mshipi wa kusuka wa kilo 15 hadi 20, na mbele yake nailoni ya milimita 0.60 yenye urefu wa mita 1 na nusu, kwa sababu miamba hukata. Ukitafuta mzia, ongeza waya wa sentimita 20 hadi 30 kabla ya ndoana. Meno yake hukata nailoni kama wembe. Chambo kiwe ngisi aliyekatwa vipande virefu vyembamba, ndoana ipite mara moja tu karibu na ncha, mkia uachwe uchezecheze. Ukikikunja kama donge, kitazunguka majini na mshipi utajisokota. Kamba hai ni bora zaidi. Mtoboe mkiani, si kichwani, au atakufa.

Samaki akipanda, barafu kilo kwa kilo ya samaki. Hapa kwetu chini ya hapo haitoshi. Nguru na jodari wakiachwa juani kwa muda wa saa mbili huweza kumvimbisha mtu mwili na kumpiga kichwa hata wakipikwa vizuri, kwa maana sumu inayojijenga haiishi kwa moto. Bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha, usimle kabisa, mrudishe majini. Ngogo usimshike kwa mkono: akikuchoma, tia sehemu hiyo kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi, kisha nenda hospitali. Weka chupa ya maji moto botini kwa ajili hiyo.

Na tafadhali, tewa mkubwa mrudishe. Aina nyingi za tewa huzaliwa majike na baadhi hugeuka madume wanapokua, kwa hiyo ukiwaondoa wakubwa wote jiwe zima hubaki bila dume. Piga picha upesi, umshike kwa mikono miwili iliyolowa, umwachie. Kasa akinaswa, kinachokatwa kiwe mshipi, si kasa. Wajukuu wa nahodha wetu watavua mahali hapa hapa.

Msomaji wetu anataka kurudi Disemba. Atazame kalenda ya Kiislamu, achague kati ya tarehe 4 na 6 au 18 na 20, kisha wiki mbili kabla atume ujumbe huu:

"Asalaam aleikum nahodha. Tuko wanne, watoto wawili, miaka 7 na 10. Tunataka kuvua ndani, tarehe 19 ya mwezi. Maji yanajaa saa ngapi, na tuwe gatini saa ngapi? Una laifu jaketi mbili za watoto? Bei na petroli na chambo ni ngapi, na samaki tunagawana vipi? Natuma theluthi leo, iliyobaki tukirudi."