Swichi za Ferrari 360 zinanata

Kaka, unasema swichi za Ferrari 360 yako zinanata hata ukiziosha kwa sabuni. Huo si uchafu, ndiyo maana sabuni haijasaidia. Ni rangi laini ya poliyurethani iliyopakwa juu ya plastiki. Joto na unyevu, na hapo Tanga unavyo vyote, huivunja ikawa kama ulimbo.

Chomoa waya hasi wa betri, toa swichi kwa kijiti cha plastiki. Kitambaa chenye spiriti ya isopropili kilaze juu dakika chache, kisha sugua taratibu mpaka plastiki ngumu itokee. Thina na asetoni usiguse, vinayeyusha plastiki yenyewe. Alama zilizochapwa juu ya rangi zitaondoka nayo, hivyo piga picha kwanza. Ukipaka upya: praima ya plastiki (rangi ya kwanza ya kushikisha), halafu rangi nyeusi isiyong'aa, koti mbili nyembamba. Koti nene huziba mwanya wa pembeni mwa swichi, ikakwama.