Barua kwa Mwanangu: Msioneane Muhali Ukutani

Nanyuki

Binti yangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mama yako aliisoma mara moja, akaikunja na kuiweka mezani bila kusema neno. Unatuambia kwamba wewe na rafiki zako wawili mnataka kuupanda ukuta wa mwamba wa El Capitan, huko Yosemite, hifadhi ya taifa ya Marekani, kwa njia iitwayo The Nose, mwezi wa Oktoba, na unaniuliza mambo mawili: mtajuaje kwamba mko tayari, na je, mimi baba yako ningekubali uende? Nitayajibu kwa pamoja, maana kwangu hilo ni swali moja.

Sina shaka na mikono yenu. Mmekuwa mkipanda njia za siku moja kwa miaka minne, na picha ulizonitumia zinanionyesha kwamba mnajua kuzitia kabari za kushikilia kamba katika ufa na kuziamini. Ninachotaka kukijua ni iwapo kila mmoja wenu anaweza kuwaambia wenzake "turudi", na wao wakageuka bila kumkasirikia. Hilo ninaliuliza kwa sababu ya mwenzangu mmoja aliyepoteza vidole viwili vya mguu, kisa ambacho sikuwahi kukusimulia kikamilifu.

Tulikuwa watatu, walimu sote, tukipanda wakati wa likizo kwa mapenzi tu. Mwezi wa Januari, wakati upande wa kusini wa Mlima Kenya unapopata jua, tulilala Austrian Hut, kibanda cha wapandaji, tukaondoka kabla ya mapambazuko na kuvuka barafu ya Lewis ili tuipande Nelion, kilele cha pili cha mlima huo, chenye mita 5,188, kwa njia ambayo wapandaji Eric Shipton na Percy Wyn-Harris waliipita mwaka 1929. Jioni iliyotangulia tulikubaliana kwamba popote tutakapokuwa ifikapo saa sita mchana, kama kilele hakiko karibu, tutashuka. Unajua jinsi ilivyo huku kwetu kwenye ikweta: saa kumi na mbili za mchana, saa kumi na mbili za usiku, wala hakuna jioni ndefu ya kumsubiri aliyechelewa.

Saa sita ilitukuta tukiwa chini ya nusu ya njia. Nilitazama saa yangu, nikamwona mwenzangu aliyekuwa akinishikia kamba naye akiitazama yake, na yule wa tatu akauliza tu kama kuna maji. Tukaendelea. Kufikia saa tisa ukungu ulikuwa umetufunika, mvua ya mawe ikaanza, na saa kumi ndipo tulipogeuka, kwa kuwa mwamba uliloa na hatukuweza tena kusonga mbele. Katika mshuko wa tatu kamba ilinasa nyuma ya jiwe tulipokuwa tukiivuta, giza likaingia tukiwa juu ya kijukwaa cha mwamba ambacho hakikutosha watatu kuketi, na hapo tulikaa hadi kulipokucha, huku viatu vya mwenzetu vikiwa vimejaa maji yaliyogeuka barafu.

Siku mbili baadaye, tukiwa hospitalini, ndipo tulipozungumza. Kila mmoja alikiri kwamba tangu saa sita alitaka kurudi. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliona wenzangu wametumia fedha zao za likizo kuja pale, yule mwingine alinyamaza kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza, na aliyeumia aliona haya kuwa mgeni wa mlima anayewavunja wengine moyo. Tulioneana muhali. Hakuna aliyekuwa mjinga miongoni mwetu, wala hakuna aliyekuwa na kiburi. Tulipendana, na upendo huo ndio uliotufunga midomo. Watu wasiojuana, waliokutanishwa na kazi, husemezana wazi zaidi kuliko marafiki, na jambo hili sijaona likielezwa vya kutosha kwa vijana wanaopanda pamoja.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ndiyo, nenda, lakini si kabla hamjaupanda ukuta huo kwa makusudi ya kushuka. Kwenye The Nose kuna Dolt Tower, kijukwaa kilichoko takriban theluthi moja ya njia, ambacho mtu anaweza kushuka kutoka hapo kwa kamba hadi chini, na wapandaji wengi hukitumia kwa mazoezi. Pandeni hadi hapo na mzigo wenu wote, kisha mgeuke hata kama jua linawaka na nguvu zipo. Nataka mjue ladha ya kurudi kabla hamjalazimika kurudi. Kadiri mnavyopanda juu zaidi ya hapo kurudi huwa kugumu, hasa baada ya King Swing, ambapo mpandaji hubembea kwa kamba kuelekea kushoto ili aufikie mfululizo mwingine wa nyufa, maana huko kamba ya kushukia haikupeleki tena moja kwa moja ulikotoka.

Wala kushuka si aibu katika njia hiyo. Warren Harding na wenzake walioipanda kwanza walianza Julai 1957 na kufika juu tarehe 12 Novemba 1958, na katikati walipanda na kushuka mara nyingi, wakiacha kamba ukutani, na katika nyufa pana wakitumia vyuma vilivyotengenezwa kwa miguu ya majiko, ndiyo maana sehemu ile inaitwa Stove Legs, yaani miguu ya jiko, hadi leo.

Mzigo nao utawapima kuliko mnavyodhani. Fanyeni hesabu: watu watatu, siku nne, lita nne za maji kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni lita 48, yaani kilo 48 kabla hamjaweka chakula, mifuko ya kulalia, nguo za mvua na chombo cha kubebea kinyesi, ambacho kanuni za hifadhi zinawataka mshuke nacho. Kiongozi atapanda, wa pili ataipanda kamba kwa vishikizo vinavyoibana huku akizitoa kabari, na wa tatu atauvuta mzigo kwa kapi, na kazi hiyo itarudiwa zaidi ya mara thelathini. Tafuteni mwamba mfupi karibu na chuo, mvute mifuko ya maji hadi mkono wa kila mmoja uzoee. Mtu akichoka kwa kuvuta mzigo, huwa hasemi amechoka; husema hana njaa, au hunyamaza, na mnapaswa kuzijua dalili hizo kwa kila mmoja wenu.

Kuhusu Oktoba nina hofu ya kweli. Mwezi huo, mwaka 2004, dhoruba ya theluji iliukumba ukuta huo, na wapandaji wawili kutoka Japani wakafa kwa baridi karibu na mwisho wa The Nose. Najua kwamba Yosemite ina waokoaji hodari waliopo karibu, lakini helikopta hairuki ndani ya wingu. Hapa kwetu, mwaka 1970, daktari kijana kutoka Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na Batian, kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Rafiki yake Oswald Oelz alibaki akimhudumia, ilichukua takriban wiki moja kumteremsha, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia akafa ndege yake ilipoanguka. Nilikuwa mtoto wakati huo, na baba yangu hakukoma kulitaja jina la rubani huyo.

Basi kabla ya kuomba kibali cha kulala ukutani, kaeni watatu, mwandike kwenye karatasi saa na mahali mtakapogeukia, na mkubaliane kwamba anayetaka kurudi hatatakiwa kutoa sababu. Ninyi wengine wawili mtaanza kuandaa kamba papo hapo. Maswali mtaulizana mkiwa chini, mmekula.

Mama yako anakutumia soksi mbili za sufu alizozifuma mwenyewe, na ameniambia niandike kwamba hizo ni jibu lake. Mkishashuka kutoka Dolt Tower, nipigie simu siku hiyohiyo, uniambie nani kati yenu alichoka kwanza, na alilisemaje.

Ni mimi baba yako anayekupenda.